Pikipiki ya Juu na Pikipiki ya Chini

Siku mliyoniaga pale ofisini Handeni, baada ya soda na keki na khanga mlizonifunika mabegani mpaka nikashindwa kuinua mkono, mmoja wenu alinifuata mlangoni na swali. Alisema pikipiki mpya zinakuja, na safari hii ofisi imeulizwa inataka za aina gani. Kuna ile ya juu, yenye tairi za meno na bomba la moshi linalopita pembeni ya siti. Kuna na ile ya chini, yenye siti ndefu na keria nyuma, kama za vijana wa bodaboda. "Mama, wewe umeziendesha zote mbili. Tuchukue ipi?" Nikasema nitawaandikia. Mkacheka, mkadhani nimekwepa. Sikukwepa. Jibu langu lina mguu wa mtu ndani yake, na habari za mguu wa mtu sikutaka kuzisimulia huku nimeshika sahani ya keki.

Vyeo vyangu mnavijua na mshahara wangu mnaukisia, kwa hiyo hayo nayaacha. Nitaanza na siku ya kwanza, kwa sababu pikipiki niliikuta siku hiyohiyo.

Nilishuka Handeni nikitokea kwetu milimani, upande wa Bungu, muuguzi mpya mwenye sweta begani. Sweta lile sikulivaa tena mpaka niliporudi nyumbani likizo. Nilipangiwa kitengo cha kifua kikuu na ukoma, ambacho wenzangu wa darasa walikikimbia, na nikapelekwa kwa mtu niliyetakiwa kujifunza kwake, Mzee Mhina. Alikuwa Mzigua mwembamba, mpole, suruali yake imenyooshwa kwa pasi ya mkaa mpaka mstari ungeweza kukukata. Hakuniuliza vyeti. Aliniuliza kama najua kuendesha baiskeli. Nikamwambia kule kwetu baiskeli tunaisukuma wakati wa kupanda na kuishikilia wakati wa kushuka, kuendesha hakuna. Akasema, "Basi huna mazoea mabaya. Twende."

Tulikwenda kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi. Pikipiki ilikuwa ile ya juu. Nilipokaa, miguu yangu ilining'inia, haikufika chini hata kwa vidole. Wanafunzi wote walitoka madarasani, na nadhani hata mwalimu mkuu alitoka. Nikamwambia, "Mzee, miguu haifiki."

"Miguu haihitajiki chini," alisema. "Ukiona imefika chini, ujue umeshaanguka."

Nilianguka. Nilianguka kwa klachi, nikaanguka kwa breki, na mara moja nilianguka nikiwa nimesimama tu. Kila mara Mzee Mhina aliinyanyua pikipiki kwanza, halafu ndipo akanitazama mimi, na akaniambia kesho nije na suruali ndani ya gauni. Kabla mvua hazijaanza nilikuwa naweza kutoka Handeni mpaka vijiji vya mpakani na kurudi, nikiwa mzima na nimejaa vumbi mpaka kwenye kope.

Aliyonifundisha juu ya pikipiki ni machache kuliko aliyonifundisha baada ya kuizima. Ukikaribia nyumba ya mgonjwa, alisema, zima injini mapema. Pikipiki iache msikitini au dukani, uende kwa miguu na upige hodi kama mgeni mwingine. Pikipiki ya serikali ikisimama kwenye mlango wa mtu, kijiji kizima kinajua nani anaumwa na anaumwa nini. Ukikaribishwa kula, kula, na ule kwenye sahani moja na mwenye ukoma, mbele ya majirani. Hiyo ni dawa ya kwanza kabla hujafungua begi. Na mguu wa mgonjwa hauangaliwi ukiwa chini. Unaupakata.

Siku ya kwanza nilipoona hilo nilitokwa na machozi, na nikasingizia moshi wa jikoni. Mzee Mhina alikaa kwenye kigoda, akauchukua mguu wa mkulima mmoja wenye vidole viwili vilivyobaki, akauweka juu ya ile suruali yake ya pasi. Alimwambia yule baba afumbe macho. Akamgusa hapa na pale kwa ncha ya kalamu, akamwambia aonyeshe alipoguswa. Yule baba alisubiri kwa adabu aguswe, hali alikuwa ameshaguswa mara nyingi. Hivyo ndivyo ganzi ilivyo. Dawa za ukoma zinaua vijidudu na mtu anapona, lakini mishipa iliyokufa hairudi. Anaweza kukanyaga mwiba asubuhi na akauona jioni wakati wa kuosha miguu, au asiuone kabisa. Anaweza kuegemea sufuria ya moto akiendelea kuzungumza habari za mahindi.

Kwa hiyo tuliwafundisha kuloweka miguu, kuisugua kwa jiwe laini, kuipaka mafuta na kuiangalia kila jioni kwa macho, kwa kuwa maumivu hayatawaambia kitu. Tuliwapa viatu maalumu, ndani mpira laini, chini tairi, visivyo na msumari hata mmoja. Nanyi mnavigawa hadi leo. Mnajua pia tatizo lake kubwa, kwamba watu wetu wana adabu. Akifika mlangoni kwa mtu, anavua. Akiingia dukani, anavua. Unampa viatu vya kumlinda, naye anatembea kijiji kizima amevishika mkononi ili asichafue sakafu za watu.

Miaka ikaenda. Mzee Mhina alistaafu, nikabaki na pikipiki na begi lake. Handeni walinipa jina la Mama Kifua, kwa sababu ya kifua kikuu, na wageni wa mjini wakalielewa walivyotaka wao. Nilikuwa na mgonjwa mmoja, mfugaji wa Kimaasai, aliyehama na ng'ombe wake kila majani yalipoisha. Tukapatana nimpe dawa zake za mwezi siku ya mnada, kwenye mti wa kufungia madume. Hakukosa hata mnada mmoja, na alipopona akanipa mbuzi, ambaye nilimbeba mapajani mpaka nyumbani akinilia sikioni njia nzima.

Pikipiki ya juu niliipenda, siwafichi. Masika, udongo mweusi unapogeuka kuwa gundi, yenyewe inapita. Mto ukiwa umejaa kiasi, inapita, kwa sababu bomba lake la moshi liko juu ya maji. Mawe hayagusi tumbo lake. Ukikaa juu yake unauona mbali uwanda wote, na watu wanakujua ukiwa bado vumbi tu. Ubaya wake ni siti. Ni nyembamba na imeinuka, na ukitembea nayo kutwa unashuka ukiwa umejikunja. Abiria mmoja anakaa kwa shida, na akishika vibaya ananing'inia. Waya wa klachi ukikatika unasubiri spea kutoka Dar es Salaam mpaka unasahau ulichoagiza.

Sasa niwaeleze habari za mguu. Majina ya wenyewe nimeyabadilisha, na kijiji chao sikitaji. Ni upande wa chini wa Sindeni, unaacha lami unaingia ndani kwenye njia ya mawe.

Bibi Mwantumu alikuwa amepona ukoma tangu ujana wake, lakini nyayo zote mbili zilikufa ganzi. Mume wake, Mzee Mbwana, alikuwa mzima mwili wote isipokuwa macho, ambayo presha iliyafunga polepole mpaka akabaki gizani. Nilipowajua walikuwa wazee tayari, watoto wao wako mbali, na maisha yao walikuwa wameyapanga hivi: Bibi anatangulia, Mzee ameweka mkono begani mwake, wanakwenda msikitini, shambani, kisimani. Bibi ndiye aliyekuwa macho yao. Mzee naye alikuwa na kazi yake. Bibi hakuweza kuinama vizuri kuziona nyayo zake, kwa hiyo jioni Mzee alizipakata, akazipitia kwa vidole taratibu, kila kona, akitafuta joto, uvimbe au mwiba. Siku moja nilimwambia kwamba hakuna muuguzi wangu anayeangalia mguu vizuri kama yeye. Akasema, "Sista, mimi siangalii. Ninasikiliza tu."

Bibi Mwantumu alicheka mpaka akakohoa. "Anasikiliza mguu. Mimi nikimwita chumba cha pili hasikii."

Kiangazi kimoja Mzee Mbwana alinipigia simu ya jirani. Hakunisalimia sana, na hiyo haikuwa kawaida yake. Alisema, "Sista, mguu wa kulia umewaka moto." Nilikwenda siku hiyohiyo. Mwiba ulikuwa umeingia chini ya kisigino na kuvunjikia ndani, na kidonda kilikuwa kimeshafika mbali. Niliweka kidole nikasikia mfupa. Nikamsafisha, nikamfunga, nikamwanzishia dawa, lakini kilichobaki kilikuwa kazi ya daktari. Pale Korogwe hospitalini alikuwa anakuja daktari mmoja anayejua miguu ya namna hiyo, anakaa kidogo halafu anaondoka. Nilimweleza Bibi wazi, kwa sababu watu wazima hawafichwi: akimwahi daktari, mguu unaweza kuokoka. Akichelewa, utakatwa chini ya goti.

Aliuangalia mguu wake, halafu akamwangalia mume wake. "Ukikatwa, nani atampeleka msikitini?"

Nikasema ndiyo maana twende.

Mtaniuliza kwa nini nisiwapandishe gari. Bibi Mwantumu alikwishateremshwa kwenye basi, zamani, mbele ya watu, konda ameshika mzigo wake kwa ncha za vidole. Tangu siku ile alikataa kupanda chombo cha mtu asiyemjua. Na bodaboda wa pale kijijini waliposikia harufu ya kile kidonda walisema wazi kwamba huyo hapana. Ilibaki pikipiki yangu.

Nikaileta ile ya juu mpaka mlangoni, siku hiyo sikujali majirani. Bibi akatoka amevaa vizuri, akasimama kwenye kigoda ili apande, na nilipogeuka kumshika nikakuta viatu vyake viko mkononi. Nikamuuliza kwa nini amevua. "Mali ya serikali hii," alisema. "Niipande na vumbi?" Nikamvalisha tena, akapanda, tukaondoka. Mzee Mbwana alibaki amesimama uani na fimbo yake, uso ameuelekeza tulikokwenda, na baadaye nikajua kwamba Bibi aligeuka kumtazama mpaka mgongo ukamuuma.

Sindeni nilisimama kununua maji. Nilipotoka dukani, Bibi Mwantumu hayupo. Nilimkuta barabarani anarudi kwao, anatembea juu ya kidonda kile, haraka, kama mtu aliyesahau chungu jikoni. Nilisimamisha pikipiki mbele yake.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Amebaki na nani?"

"Jirani atampikia. Tumekubaliana."

"Jirani atampikia. Atamshika mkono usiku akitaka kutoka nje? Sista, mwanangu, wewe una huruma sana. Lakini nichukue pamoja naye, au niache mguu ukatwe hukuhuku."

Nikamwambia Mzee atatafutiwa namna ya kuja nyuma kwa pikipiki nyingine, tukimpata dereva. Akatikisa kichwa. "Akiwa nyuma ya mtu mwingine simwoni." Mawazo yake yalikuwa yamefika mwisho hapo, na nilijua. Nikamrudisha. Mzee Mbwana alikuwa palepale uani tulipomwacha. Aliposikia sauti ya pikipiki inarudi aliinamisha kichwa, kwa sababu alielewa maana yake kabla hatujasema. Daktari alikuwa wa kuondoka Korogwe mwisho wa juma.

Sasa, juma hilohilo pikipiki mbili mpya zilifika ofisini Handeni. Moja ya juu, moja ya chini. Moja ilikuwa yangu, nyingine ya Kaniki, bwana afya, ambaye baadhi yenu mlimkuta. Nilikuwa mkubwa kwa umri, nikaambiwa nichague kwanza. Hakuna aliyekuwa na shaka. Hata mtunza stoo alikuwa ameshanitolea helmeti inayofanana na rangi ya ile ya juu. Kaniki alisimama pembeni na sura ya mtu aliyekubali yaishe.

Nikaikalia ile ya juu, nikashuka. Nikaikalia ile ya chini. Miguu ilifika chini yote miwili, bapa, na nikaona aibu kidogo, kama nimefanya udanganyifu. Siti yake ilikuwa ndefu na laini, mgongo umenyooka. Keria ilikuwa pana, ya kutosha boksi la dawa. Spea zake zinauzwa kila duka pale Handeni. Lakini tumbo lake liko karibu na ardhi, na bomba la moshi linapita chini kabisa, upande wa kulia, pembeni ya kisigino cha abiria. Hilo lilinisimamisha. Kwa mtu mzima mwenye hisia bomba hilo ni kero tu, ukiligusa unaruka. Kwa mwenye ganzi ni jiko.

Nikapima siti kwa shibiri. Mimi, mtu, na mtu mwingine. Ilitosha.

"Nachukua hii," nilisema.

Kaniki alinitazama. "Mama, masika utavukaje?"

"Nitavua viatu, nitaisukuma."

"Lakini hii ni bodaboda, Mama."

"Nimeiona."

Akaichukua ile ya juu akijitahidi sana asitabasamu. Na mimi nilikaa na ile ya chini mpaka nilipostaafu. Msinielewe vibaya, masika niliyalipia. Niliikokota kwenye tope, nililala vijijini nikisubiri mito ipungue, na vijiji viwili vya ng'ambo nilivikabidhi kwa Kaniki kwa sababu sikuweza tena kuvifikia. Mjini Handeni watu walinisimamisha, "Mama, stendi unanipeleka?" Mara moja nilimpeleka mmoja, nilikuwa nakwenda hukohuko. Ofisi yenye pikipiki ya juu tu itawafikia wagonjwa wote na haitamleta hata mmoja. Ofisi yenye ya chini tu itawaleta wa karibu na kuwasahau wa mbali. Ombeni zote mbili, na wakisema moja, mjiulize kwanza ni nani mwaka huu anahitaji kuletwa.

Kesho yake nilikwenda kwa wazee wangu na gunia la katani nililopewa na ndugu yangu anayefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Ngombezi. Nililoweka majini, nikalizungushia bomba la moshi lote, nikalifunga kwa waya. Nikamfunga Bibi mguu vizuri, nikamvalisha viatu, nikavikaza kwa vipande vya khanga mafundo ya kutosha ili adabu yake isipate nafasi. Akasema nimemfunga kama mzigo wa kuni. Nikampandisha katikati. Mzee Mbwana akapanda nyuma kabisa, akamzungushia mkewe mkono kiunoni, fimbo yake nikaifunga ubavuni mwa keria. Nikamwambia, "Mzee, kazi yako ni kumshika." Akasema kazi hiyo anaifahamu.

Njia ya mawe ilitutikisa. Bibi aliniuliza kama hatuwezi kurudi, maana hakumbuki kama amefunga mlango. Mzee akasema umefungwa. Baadaye akakumbuka kuku. Mzee akasema kuku wana akili kuliko yeye. Baadaye akasema kichwa kinamzunguka, nisimame kidogo ashuke. Nilipunguza mwendo nikajisikia vibaya, lakini Mzee Mbwana akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Sista, usisimame." Sikusimama. Tukatokea kwenye lami, nikakaza mwendo.

Tulipokaribia daraja pale Old Korogwe, askari wa barabarani akatunyooshea mkono. Alikuwa kijana. Alituzunguka mara moja, akarudi mbele.

"Shikamoo mama. Sasa mishikaki, watu watatu, kwa umri huu?"

Nikamwonyesha mguu uliofungwa, nikamwambia tunakokwenda. Aliuangalia, akawaangalia wale wazee wawili walivyoshikana. Akavuta pumzi puani. "Kuna kitu kinaungua hapa." Nikamwambia ni gunia, nimelifunga kwenye ekzosi. Akasema, "Haya, piteni. Polepole, mama." Mzee Mbwana aliiitikia marahaba ile shikamoo na kumwombea dua.

Hospitalini daktari alikuwepo. Alimpokea Bibi Mwantumu kwa heshima, akaufungua mguu, akaangalia muda mrefu, akasema tumewahi. Angelazimika kutoa mfupa uliooza na kumlaza kwa majuma mengi bila kukanyaga, lakini mguu ungebaki. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Nikageuka kumshika Mzee Mbwana ili nimkalishe benchini, na nikaona anachechemea.

Nilimwinamia. Upande wa ndani wa mguu wake wa kulia, juu kidogo ya kifundo, ngozi haikuwepo. Ilikuwa nyama tupu, na kingo zake zimekauka. Nikatoka nje kwenda kuangalia pikipiki. Gunia halikuwepo, ulibaki waya tu unaning'inia.

Nikarudi nikachuchumaa mbele yake. "Mzee, gunia lilianguka wapi?"

"Kule kwenye mawe. Alipokumbuka kuku."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesimama. Ukisimama, anashuka. Unamjua huyu." Alisema kwa upole, kama ananieleza jambo la kawaida. "Mguu wake ulikuwa unateleza tukipiga shimo, unakwenda kwenye lile bomba. Nikauweka wangu katikati."

"Na moto hukuusikia?"

"Niliusikia, Sista. Mimi nausikia. Ndiyo nikaweka wa kwangu."

Nilimshika mikono nikabaki pale chini nikilia, wala safari hii hakukuwa na moshi wa kusingizia. Bibi Mwantumu alikuwa ametusikia toka kitandani. Akasema, "Mleteni hapa." Akauchukua mguu wa mume wake, akaupakata, akaukagua pande zote. Alimwita mpumbavu, kwa Kizigua, kwa sauti ndogo sana. Mzee akainamisha kichwa akatabasamu.

Daktari akaja na karatasi ya ridhaa. Akamweleza Bibi habari za kulazwa, na kwamba mumewe anaweza kufikia kwenye nyumba ya ndugu wa wagonjwa pale nyuma. Nikauona uso wa Bibi unafunga. Majuma mengi. Alianza kuutafuta mlango kwa macho, nami nikajua akiuliza tu habari za kuku tumekwisha. Akamuuliza daktari, "Na huyu? Kidonda chake kinachukua muda gani?"

"Cha mzee?" Daktari akakiinamia. "Hiki si kibaya. Kikisafishwa, siku chache tu..."

"Unauma, daktari," alisema Mzee Mbwana.

Sote tukamgeukia. Yeye aliyekaa na moto ule kutoka kwenye mawe mpaka Korogwe bila kutoa sauti, na akampa askari dua juu yake, sasa alikuwa ameshika goti kwa mikono miwili na kukunja uso.

"Unauma sana. Nadhani huu utakuwa wa muda mrefu."

Daktari alinitazama. Nikamtazama. Akakohoa kidogo, akasema kweli, kwa umri wake, vidonda vya moto vinataka kuangaliwa kwa karibu.

Bibi Mwantumu akaushusha mguu wa mume wake taratibu. Akanyoosha kidole gumba kwa daktari ili kipakwe wino. "Basi nitakaa," alisema. "Siwezi kumwacha na mguu kama huu."

Mzee Mbwana akalalamika asubuhi na jioni, kwa bidii, mpaka mguu wa mkewe ulipopona.